Mizani ya Betri Mbili

Nyuma ya mtaa wetu, mjini Singida, upande wa kushukia Ziwa Kindai, kuna jiwe. Mgeni wa Singida atalishangaa neno hilo, maana mawe yako kila mahali: yamepandana kama magunia ya alizeti stoo, yamechomoza katikati ya viwanja vya watu, na nyumba zimejengwa zikiyaegemea. Lakini sisi watoto tuliposema "jiwe" tulimaanisha moja tu. Lilikuwa bapa, lenye mgongo wa mteremko uliolainishwa na mvua pamoja na makalio ya watoto waliotutangulia. Juu lilitosha watu sita kusimama. Chini liliishia kwenye changarawe. Mwaka huu nililipima kwa utepe wa fundi cherehani, nikiuhamisha mara nane huku majirani wakinitazama: mita 11 na sentimita 40. Utotoni ningekuapia kwamba ni mita mia.

Huo ndio uliokuwa uwanja wetu wa mashindano ya magari.

Nisieleweke vibaya. Magari ya watoto yalikuwa ya aina nyingi. Kulikuwa na la waya, lenye mti mrefu na usukani wake, unalikimbiza barabarani huku mdomo ukifanya kazi ya injini. Kulikuwa na la kopo, la kuvuta kwa kamba. Gari la jiwe lilikuwa tofauti. Halikuwa na usukani wala kamba. Unaliweka juu, unaliachia, linakwenda lenyewe, na kuanzia hapo hakuna unachoweza kulifanyia zaidi ya kupiga kelele. Kila kitu lazima uwe umekimaliza nyumbani.

Bodi lilikuwa bua la alizeti. Alizeti ikishavunwa, mabua hubaki yamesimama shambani, yamekauka, ndani yana moyo mweupe mwepesi kama sponji. Unakata vipande viwili vinene, unavibana pamoja kwa miiba ya mgunga. Ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli. Hapo ndipo watoto wengi walipokosea: walichoma spoku moja kwa moja kwenye bua, na baada ya kuteremka mara mbili tundu limepanuka na tairi zinayumba kama mlevi. Aliyejua kazi alichoma tundu kwa msumari wa moto, akapachika ndani yake kipande cha mrija wa kalamu, kisha ndipo akapitisha spoku. Spoku ilizunguka ndani ya mrija, na bua likawa salama.

Tairi zilikatwa kwenye ndala. Unachora duara kwa kutumia kitako cha betri, unakata kwa wembe, halafu unalizungusha duara lile juu ya jiwe lenye mkwaruzo mpaka liwe mviringo kweli. Mduara usiokamilika unaweza usiuone kwa macho, lakini utausikia: tap, tap, tap, hadi chini, na kila tap ni mwendo uliopotea.

Halafu kuna kulainisha. Singida haina shida ya mafuta ya alizeti, hivyo wote tulianza na hayo. Mafuta yanateleza vizuri mara ya kwanza; mara ya pili yameshakamata vumbi; mara ya tatu ni uji. Aliyetufundisha dawa yake alikuwa mtoto wa fundi baiskeli, mwenzangu wa darasa moja. Alipasua betri kubwa ya redio iliyokufa, akatoa kijiti cheusi cha katikati, akakisaga juu ya bati na kupuliza unga wake ndani ya mrija. Unga ule haukamati vumbi. Shuleni tulizijua betri kwa kazi nyingine: zilipondwa, ule ungaunga wake ukachanganywa na mkaa kupakia ubao uwe mweusi. Hivyo kila betri iliyokufa mtaani ilikuwa na wagombea wawili, shule na sisi. Leo bwana afya angetufukuza wote.

*

Kanuni hazikuandikwa popote, lakini hakuna aliyekuwa hazijui. Gari la dukani haliingii. Gari uwe umelitengeneza mwenyewe. Tairi ni za ndala, hakuna beringi. Hakuna kusukuma: magari mawili yanapangwa nyuma ya fimbo iliyolala, fimbo inainuliwa, yanaachiwa kwa pamoja. Na gari lisizidi uzito wa betri mbili.

Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoisimamia kuliko zote. Mizani ilikuwa fimbo iliyofungwa uzi katikati na kuning'inizwa kwenye tawi. Upande mmoja betri mbili kubwa za redio zilizofungwa pamoja, upande wa pili gari. Gari likishuka, mwenye nalo anarudi nyuma kupunguza. Likibaki juu, anaruhusiwa. Kabla ya kanuni hiyo, nilisimuliwa, mtoto mmoja alikuja na gari la mninga, zito kama mtwangio, akawapiga wote siku mbili mfululizo, na la mwisho alilokutana nalo likavunjika vipande.

Kwa nini gari zito lishinde? Shuleni baadaye tulifundishwa kwamba vitu vyote huanguka kwa kasi moja, vizito kwa vyepesi, na mwalimu wa fizikia akamtaja Galileo. Ni kweli pale pasipo na msuguano. Juu ya jiwe letu msuguano ulikuwepo, na upepo wa Singida ulikuwepo zaidi. Msuguano wa hewa hauongezeki kwa sababu gari ni zito. Kwa magari mawili yenye umbo moja, lile jepesi linanyang'anywa sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake, na hufika chini limechoka. Pia pana siri ya wapi uzito ukae. Juu ya mteremko, nyuma ya gari iko juu kuliko mbele. Uzito uliowekwa nyuma unaanza safari kutoka juu zaidi, hivyo una umbali mrefu zaidi wa kushuka. Hatukuwa na maneno hayo. Tulikuwa tunasema tu, "mzigo nyuma."

*

Mwaka jana nilianza shahada ya uzamili ya historia, na katika kutafuta mada nikasema nitaandika juu ya magari ya watoto wa Singida. Niliulizwa swali ambalo kila mwanafunzi wa historia huulizwa: vyanzo viko wapi? Katika nyaraka za serikali utawakuta watu wa Singida wakilipa kodi, wakihesabiwa, wakihamishwa. Utasoma habari za dhahabu ya Sekenke, iliyosafirishwa hadi Tabora na mwaka 1916 ikawa sarafu za Wajerumani za rupia 15. Mtoto aliyekaa pembeni ya barabara akichonga lori hayumo.

Kwa hiyo nikaanza kwenda kwa wazee. Mmoja anaishi Misuna, dereva wa malori mstaafu. Nilimkuta kivulini anachambua maharage.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamwambia. Akafikiri kidogo. "Wa mwalimu. Kaa."

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alikuwa na miaka kumi. Familia yao ilihamishwa kwa tipa la serikali pamoja na mbuzi, mtungi na mlango wa nyumba waliyoiacha. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari. "Mama alilia njia nzima," aliniambia. "Mimi nilikuwa nahesabu gia." Walipofika kijiji kipya hakukuwa na nyumba, ila nguzo za kuonyesha viwanja, na ndani ya wiki moja, alisema, kila mtoto alikuwa na tipa la mti. Walichonga matipa kwa sababu ndilo gari walilolijua.

Nikamuuliza kama walishindana. Walishindana sana. Lakini nilipomuuliza walipimaje uzito wa gari, alinitazama kana kwamba nimeuliza walipimaje uzito wa kivuli. "Sisi hatukupima gari. Tulipima mzigo." Kila tipa lilijazwa kokoto, likateremshwa kilimani, na lililofikisha kokoto nyingi chini ndilo lililoshinda. Mwendo haukuwa na maana. Gari lililofika mbio likiwa tupu lilichekwa.

Na tairi? Kwanza mti, au kibuyu kilichokatwa. Ndala ilikuwa mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, ndala iliyokatika ilishonwa kwa waya na kuvaliwa tena mpaka kisigino kiguse ardhi. Hakuna mzazi ambaye angekubali aone duara limekatwa humo. Ni baada ya biashara kufunguliwa, mwaka 1984 na kuendelea, kisha enzi za Mzee Ruksa, ndipo ndala zilipojaa kiasi cha kutupwa, na watoto wakazifanya tairi. Tangu mazungumzo yale kila nionapo tairi la gari la mtoto namtazama pia waziri wa fedha aliyekuwepo.

Kwa nini kipimo kilihama kutoka mzigo kwenda mwendo, sijampa mtu jibu. Mzee ana lake: "Ninyi mlizaliwa mabasi yakikimbizana." Linavutia mno, ndiyo maana naliogopa kidogo.

*

Katika kusoma kwa ajili ya insha hiyo ndipo nikakutana na Don Murphy. Mwaka 1953 Murphy alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya North American Aviation, huko California, na baada ya kazi alikuwa kiongozi wa kundi la skauti wadogo namba 280C katika mji wa Manhattan Beach. Mwanawe wa miaka kumi alitamani kuingia Soap Box Derby, mashindano ambamo mtoto hupanda kigari cha mbao na kuteremka nacho kilimani. Umri wake haukuruhusu. Baba akawaza kigari cha kiganjani ambacho mtoto anakichonga kisha anakiachia kwenye njia ya mbao yenye mteremko. Tarehe 15 Mei 1953 mashindano ya kwanza yakafanyika. Kila mtoto alikuwa amepewa mfuko wa karatasi wenye kipande cha mbao laini ya paini, kama zile zitokazo Sao Hill, pamoja na magurudumu manne. Mwisho wa njia, kifaa cha betri kilichoundwa kwa kengele za mlangoni kiliamua nani amefika kwanza. Mwezi Oktoba 1954 jarida la skauti, Boys' Life, likachapisha maelekezo, na mchezo ukaenea Marekani nzima kwa jina la pinewood derby.

Nilisoma kanuni zake usiku, chumbani hosteli, na nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akageuka kitandani. Gari lisizidi wakia 5, yaani kama gramu 142. Nikaazima mizani ndogo ya jikoni na kwenda kununua betri kubwa moja ya redio: gramu 90 na kitu. Mbili zetu zilizidi wakia zao tano kwa karibu theluthi moja, na bado zilikuwa kanuni ileile. Urefu usizidi inchi 7. Magurudumu na misumari ya ekseli ni ile uliyopewa. Hakuna springi. Vilainishi viwe vikavu tu, mafuta ni marufuku, na kilainishi wanachokipenda zaidi ni unga wa kinywe, jamaa wa ule unga wa kijiti cha betri tuliokuwa tukiusaga juu ya bati.

Hata namna ya kuandaa gari ni ileile. Mafundi wa derby husema kosa la anayeanza ni kuhangaika na umbo, akachonga gari lenye pua ya ndege, huku akizipigilia ekseli bila kuzitazama. Wao hutumia jioni nzima kwenye misumari minne: kila msumari hung'arishwa kwa msasa mlaini, ule ukingo mkali chini ya kichwa chake huondolewa, halafu gari huachiwa juu ya meza iliyonyooka kuona kama linavuta kushoto au kulia. Linalovuta pembeni hugusa reli ya katikati ya njia na kila mguso ni mwendo uliopotea. Mbao ikishachongwa huwekwa kwenye mizani pamoja na magurudumu, ekseli na rangi yake, ndipo fundi anajua amebakiwa na gramu ngapi. Gramu hizo hujazwa risasi au chuma kizito kwenye tundu lililotobolewa nyuma. Mzigo nyuma.

Skauti wenyewe si wageni huku. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alifariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko hukohuko. Lakini sidhani kama derby ya Murphy iliwahi kufika jiwe letu kwa njia ya mtu. Ninachokiamini ni cha kawaida zaidi: ukiwapa watoto mteremko na kitu chenye magurudumu, utapata mashindano, ukiyaacha mashindano yaendelee, utapata mizani.

Lakini kanuni moja yao sisi hatukuwa nayo. Katika vikundi vingi vya derby, gari likishapimwa na kuandikishwa, mwenye nalo haligusi tena. Linakaa mezani mbele ya watu wazima mpaka zamu yake ifike.

Nilipoisoma hiyo sikucheka.

*

Tunafundishwa kusoma sheria kama ushahidi. Amri inayokataza watu kuchimba mchanga mtoni inakuambia kwamba watu walikuwa wakichimba mchanga mtoni. Hakuna anayekataza jambo ambalo halijatendwa au angalau kunuiwa. Nikizisoma kanuni za michezo kwa jicho hilo, nyuma ya kila mstari namwona mtu amejibanza. Derby inakataza springi: basi yupo aliyeweka springi. Inakataza kitu kinachochezacheza ndani ya gari: yupo aliyeweka gololi.

Soap Box Derby inao ushahidi mzito zaidi. Mashindano hayo yalizaliwa mwaka 1933, mpiga picha wa gazeti moja la Dayton, jimbo la Ohio, aitwaye Myron Scott, alipowaona watoto wakiteremka na vigari vya masanduku. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1973, katika fainali za Akron, mvulana wa miaka 14 kutoka Boulder, Colorado, alishinda. Watazamaji wakaona kitu: gari lake liliruka mbele mno pale geti la chuma la kuanzia lilipoanguka. Likapigwa eksirei. Ndani ya pua kulikuwa na sumaku ya umeme, na mvulana aliiwasha kwa kuegemeza kichwa chake nyuma, kwenye kiegemeo cha gari. Geti la chuma lilipoanguka mbele lilimvuta pamoja nalo. Aliyemsaidia kulijenga ni mjomba wake, ambaye mwanawe wa kumzaa alikuwa ameshinda mwaka mmoja kabla. Mvulana alivuliwa ubingwa.

Watu wengi wanaoisimulia habari hii humcheka mjomba. Mimi humfikiria zaidi yule mtoto, kichwa chake kikiwa kimeegemea swichi, akisubiri geti lianguke. Alijua. Hakuna namna ambayo hakujua.

*

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la tano. Likizo ya mwezi wa sita tulifanya mashindano makubwa, magari kumi na sita, mawili mawili, anayeshindwa anatoka. Zawadi ya fainali ilikuwa tairi nne za atakayeshindwa. Nilifika fainali, na mpinzani wangu alikuwa mtoto wa fundi baiskeli.

Gari lake lilikuwa bora kuliko langu, na nililijua hilo tangu alfajiri. Tairi zake zilikuwa za buluu, nene, zisizo na hata alama ya unyayo, kwa sababu alikuwa amezikata kwenye ndala mpya ya mama yake. Alikuwa ameshachapwa kwa ajili hiyo. Siku ya gulio mama yake alikuwa amekwenda sokoni na ndala moja ya buluu na nyingine nyekundu ya kuazima.

Nyumbani kwetu mjomba, aliyekuwa mvuvi Ziwa Kitangiri, kule Iramba, alikuwa ameacha wavu wa kurekebishwa. Wavu una chubwi za risasi. Nilikata tatu. Nilitoboa moyo wa bua upande wa nyuma kwa spoku, nikazijaribisha chubwi, zikaenea, nikazitoa, nikaliziba tundu kwa moyo uleule mweupe. Kisha nikaenda kwenye jiwe, gari langu tupu likapimwa mbele ya wote, betri zikashuka, wakasema sawa.

Nikasema nakwenda kujisaidia. Nilikwenda nalo nyuma ya kichaka cha minyaa. Hakuna aliyesema niliache. Hakukuwa na kanuni.

Fimbo ilipoinuliwa, la kwake lilitangulia. Nusu ya jiwe bado lilikuwa mbele, linakwenda kimya, bila tap hata moja. Halafu langu likaanza kulifikia. Sijui nieleze vipi: huku natamani lishinde na huku natamani lipinduke. Lilishinda kwa urefu wa mkono.

Mtoto wa fundi baiskeli alishuka chini, akaliokota gari lake, akang'oa tairi moja moja kwa meno maana spoku ilikuwa imekunjwa kwa koleo la baba yake. Akanipa zote nne. Alinitazama, kisha akalitazama gari langu, hakusema neno. Tairi zile sikuzitumia hata siku moja. Nilizificha ndani ya kopo la rangi, na nilipokwenda sekondari ya bweni zikabaki humo.

*

Leo ni dereva wa semi-trela kati ya Dar es Salaam na Kigali. Hupita Singida mara mbili kwa wiki, na mwezi wa kwanza mwaka huu tulikubaliana tukutane kwa mama lishe mmoja kando ya barabara kuu. Nilijiambia naenda kumhoji kwa ajili ya utafiti. Nilikuwa na daftari.

Tulizungumza habari za Sekenke, jinsi unavyoshuka na gia ndogo tangu juu kwa sababu ukishaamua kubadilisha katikati umechelewa. Tulizungumza mizani. Gari la ekseli saba na mzigo wake lisizidi tani 56, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake, hivyo unaweza kuwa ndani ya tani zako zote na bado ukakamatwa kwa kupanga vibaya. "Mzigo nyuma," nikasema, akacheka. Alikuwa utingo mwaka 2013, ule msimu ambao serikali ilifuta nafuu ya asilimia 5, malori yakagoma, kisha nafuu ikarudishwa. Walilala barabarani. Kwa muda wa chai mbili tuliongea kana kwamba jiwe halijawahi kuwepo.

Halafu akauliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia sukari: "Zile risasi uliziweka wapi? Nyuma?"

"Nyuma."

"Nilijua. Lilipofika kwenye changarawe lilitoa mlio wa chuma. Bua halilii hivyo."

Nikamuuliza mbona hakusema. Angesema palepale, wangelipasua gari, wangeona.

"Niseme nini, mwanangu? Baba yako ndiye alikuwa anatufundisha Stadi za Kazi. Gari lile lile nililoshindania ndilo nililopaswa kulipeleka Jumatatu ya kufungua shule asahihishe." Akamimina chai iliyobaki kwenye sosa. "Nikampelekea halina tairi. Akanipa tano kwa kumi."

Sikuandika chochote kwenye daftari. Nilimwomba msamaha, akasema ah, mambo ya watoto, na kwa namna alivyolisema nikajua kwamba ninaruhusiwa kuondoka na kwamba hajasema ndiyo. Alikuwa na zamu ya mizani pale Njuki. Alilipa chai zote, akanikatalia noti yangu kwa kuusukuma mkono wangu.

*

Jumamosi yake nilikwenda kwenye jiwe na utepe wa fundi cherehani. Watoto walikuwepo, wanane au tisa, wawili wao wasichana, jambo ambalo zama zetu lisingekubaliwa. Magari yao ni ya vidumu vya mafuta vilivyokatwa, tairi ni vifuniko vya chupa za maji. Fimbo ya mizani ipo, imening'inizwa kwenye tawi, ila betri kubwa zimekwisha mitaani. Upande wa pili wanaweka pakiti ya chumvi.

Walipima magari yao. Kila lililopimwa liliwekwa kwenye mstari uliochorwa kwa mkaa juu ya jiwe, na mwenye nalo akarudi nyuma huku wengine wakimhesabia kwa sauti hadi kumi. Nilidhani ni sehemu ya mchezo. Nikachuchumaa pembeni ya mstari kutazama ekseli ya gari moja la njano, iliyopitishwa ndani ya mrija wa juisi, nikanyoosha kidole.

"Anko, usiguse!" Alikuwa msichana wa kama miaka tisa, mwenye gari lile. "Limeshapimwa. Utakuwa Mtoto wa Mwalimu."

Nikauondoa mkono. "Mtoto wa Mwalimu ni nani?"

Wakatazamana. Ni jina tu, mmoja akasema. Mtu akigusa gari baada ya mizani, amefanya mtoto wa mwalimu, anatolewa. Nikauliza kama kuna anayemjua huyo mtoto mwenyewe. Mvulana mdogo kuliko wote alikuwa na jibu. "Ni wa zamani sana huyo. Alishakufa."

"Anko, rudi nyuma," yule msichana akasema. "Hatua kumi."

Nikarudi nyuma, wakinihesabia.